HARUSI NA FUNGATE ZANZIBAR BILA KADI YA MCHANGO: HESABU ZAKE HIZI HAPA

Leo naomba tuongelee kitu ambacho ukikaa kijiweni popote hapa Dar lazima kitajwe: harusi. Na hasa hii ya siku hizi, ya maharusi kujilipia wenyewe, kuvuka maji na watu wachache, kufanya sherehe ufukweni na kuunganisha fungate hukohuko.

Kwanza niwaeleze kwa nini naandika. Mwaka 2022 bro wangu alioa kwa mtindo wetu tuliouzoea. Kamati, vikao kila Jumapili, kadi za singo na dabo, ahadi kibao kwenye karatasi. Siku inafika, nusu ya ahadi hazijalipwa, mwenye ukumbi anadai, mpishi anadai. Bro akakopa. Lile deni limeisha mtoto wake wa kwanza keshaanza kutembea! Watu walikula, wakacheza, wakaenda zao.

2024 dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, akasema yeye HATAKI kadi ya mtu. Yeye na shemeji walijikusanya mwaka mmoja na nusu, wakaenda Paje na watu 20. Mimi ndo nilikuwa nashika daftari la matumizi, kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona.

1. ANZENI NA IDADI YA WATU
Kosa la wengi ni kuanza na gauni au hoteli. Kinachopandisha bajeti ni vichwa. Kila mtu anayevuka anataka tiketi mbili, kitanda na sahani. Gaweni watu makundi mawili: mnaowalipia (wazazi na wapambe) na wanaojilipia. Hawa wa pili waambieni MAPEMA, miezi sita kabla, tena kwa mdomo. Mtu asije bandarini akiamini amelipiwa.

2. NDOA NI KARATASI, UFUKWE NI PICHA
Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, nayo inataka mtoe taarifa ya kukusudia kuoana angalau siku 21 kabla. Zanzibar wana utaratibu wao. Njia rahisi kwa wanaoishi Bara ni kufunga ndoa nyumbani (kanisani, msikitini au kwa DC), mchukue cheti chenu, halafu mvuke kwa ajili ya sherehe. Mkitaka kufungia hukohuko, ulizeni kwa kiongozi wa dini au msajili wa kule kabla hamjalipa hata senti kwenye hoteli. Tusidanganyane, mkisherehekea mchangani bila kufunga ndoa kihalali, cheti hamna.

3. CHAGUENI MWEZI KWA AKILI
Bei za hoteli zinapanda Juni mpaka Oktoba, na tena Desemba kuelekea mwaka mpya. Masika, Machi mpaka Mei, bei zinashuka sana lakini mvua ni mvua kweli na hoteli nyingine zinafunga. Katikati ya hapo ndo kwenye nafuu, mfano Novemba au Februari. Halafu angalieni Ramadhani. Visiwani mwezi ule hakuna kula hadharani mchana wala muziki wa fujo, na unasogea nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka.

4. BAHARI INA RATIBA YAKE
Hili lilitukuta. Picha zilipangwa saa 5 asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Tumefika ufukweni, bahari imekimbia hukooo! Kilichobaki ni matope na mashamba ya mwani. Pwani ya mashariki (Paje, Jambiani) maji yakipwa yanaenda mbali sana, hasa siku za bamvua. Nungwi na Kendwa kule kaskazini hayaendi mbali hivyo, ila na bei zake mjipange. Ulizeni wavuvi au angalieni jedwali la maji kabla ya kupanga saa. Sisi tulirudi saa 10 jioni maji yamejaa, lakini mpiga picha alidai nyongeza.

5. BAJETI YA MFANO
Hii nimeipanga kwa mtindo wa lile daftari. Mnalipia watu 8: nyie wawili, wazazi wanne, wapambe wawili. Wengine 12 wanajilipia nauli na malazi, chakula cha sherehe mnawalisha nyie. Bei ni za mfano, futeni muweke mlizopewa.

- Boti kwenda na kurudi, watu 8 x 70,000 = 560,000
- Vyumba 3 vya wageni, usiku 2 x 80,000 = 480,000
- Chumba cha maharusi, usiku 4 x 150,000 = 600,000
- Hiace ya kukodi, bandarini mpaka Paje na kurudi = 250,000
- Mlo wa wageni 6, siku 2 x 25,000 = 300,000
- Chakula cha sherehe, watu 20 x 35,000 = 700,000
- Nguo na pete = 1,000,000
- Picha = 400,000
- Mapambo, keki na muziki = 350,000
- Ada na gharama za kufunga ndoa = 150,000
- Kula na kutembea fungate, siku 4 x 100,000 = 400,000

Jumla 5,190,000. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, yaani 519,000. Mnapata 5,709,000.

Mahari na send-off sijaweka, manake kila ukoo una hesabu yake. Ila msijifanye hazipo! Ziandikeni ukurasa wake, zisije zikala hela ya boti.

6. HELA INATOKA WAPI
Gaweni kwa miezi. Kwa miezi 18 ni kama 317,000 kwa mwezi, kila mmoja wenu karibu 159,000. Kwa miezi 24 inashuka mpaka 119,000 kila mmoja. Ukiona hata hiyo haitoki, punguza vichwa, usikope. Fungueni akaunti inayotaka sahihi zenu wote wawili. Hela ikikaa kwenye simu ya mtu mmoja, kila tatizo la ukoo litapita hapohapo.

7. MALIPO NA MANENO
Advansi yoyote mtoe kwa risiti, imeandikwa tarehe, vyumba vingapi, na mkiahirisha mnarudishiwa kiasi gani. Mtu akikutajia dola, mwombe bei kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kama una ndugu anakuja toka Ulaya, mwambie tangu Oktoba 1, 2024 wageni wa nje wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya lazima, ilianza kwa dola 44. Asije akashangaa uwanjani.

8. PA KUBANA
Vukeni siku moja kabla, msivuke siku ya sherehe. Upepo ukichafuka boti inaweza kuahirishwa, na bibi harusi aliyetapika njia nzima hapendezi kwenye picha. Siku za fungate pandeni daladala, jioni mkale Forodhani au urojo mtaani. Mji Mkongwe kutembea kwa miguu ni bure, na ni urithi wa dunia tangu 2000. Vaeni kwa heshima tu mkiwa mjini.

9. WAZEE
Hapa ndo pagumu kuliko hela. Baba yake dada alinuna miezi miwili. Alisema, "Mimi nimechangia harusi za watu miaka thelathini, leo yangu mnanipeleka kuificha visiwani?" Na mzee ana hoja, kwa watu wa rika lake mchango ni akiba. Kilichosaidia ni dada na shemeji kwenda wenyewe kumwonyesha daftari ukurasa kwa ukurasa, na kukubali pilau ya nyumbani kwa majirani waliporudi, iliyogharamiwa na mzee mwenyewe. Alifurahi kuliko sote. Kwa hiyo mtafuteni mzee mapema, kabla hajasikia kwa watu.

Leo hii dada na shemeji hawadaiwi na mtu, na kodi ya nyumba wamelipa miezi sita mbele. Bro kila akiiona ile albamu ya Paje anacheka, halafu ananyamaza.

Mlioshafanya hivi, kaskazini au hata Bagamoyo na Lushoto, tupeni bei zenu hapo chini wenzenu wapate pa kuanzia. Nawasilisha.