Nitrojeni na Masizi: Historia Fupi ya Vielelezo vya Mwako wa Amonia na Hidrokaboni

Mwaka 1943 Ubelgiji, ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, ilikosa dizeli, na baadhi ya mabasi yake yakaendeshwa kwa amonia na gesi ya makaa ya mawe. Amonia hushika moto kwa shida. Gesi ndiyo iliyouhuisha mwako. Emeric Kroch aliueleza mpango huo mwaka 1945. Maswali kuhusu moshi yalijibiwa baadaye, tena kwa njia mbili zilizokaribia kutojuana.

Njia ya kwanza ni ya nitrojeni. Katika miaka ya 1940 Yakov Zeldovich, mwanafizikia wa Kisovieti, alionyesha jinsi joto kali linavyoigeuza nitrojeni ya hewa kuwa oksidi ya nitriki. Mwaka 1971 C. P. Fenimore alibaini kwamba katika miali ya hidrokaboni gesi hiyo hutokea mapema kuliko hesabu ya Zeldovich inavyoruhusu. Akapendekeza kwamba radikali za CH huishambulia nitrojeni na kutoa sianidi ya hidrojeni. Watunga vielelezo waliitumia hatua hiyo kwa karibu miaka 30, hadi Moskaleva na Lin walipoonyesha, mwaka 2000, kwa hesabu za kikwanta, kwamba zao lake ni NCN. Vielelezo vilikuwa vimelinganishwa na vipimo huku vikisimama juu ya hatua isiyo sahihi. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila mshauri anayekabidhiwa grafu nzuri.

Njia ya pili ni ya masizi. Mwaka 1991 Frenklach na Wang walieleza jinsi pete za kaboni zinavyokua kwa kunyang'anywa hidrojeni na kuongezewa asetilini. Humo nitrojeni ilikuwa mtazamaji tu.

Njia hizo zilikutana pale amonia ilipochanganywa na ethilini maabarani, masizi yakapungua. Uhaba wa kaboni pekee haukutosha kueleza upungufu huo: sehemu ya kaboni hunaswa katika sianidi ya hidrojeni, isirudi kwa urahisi kwenye asetilini. Lakini sianidi hiyo ni sumu, na ikioksidishwa yaweza kuzaa oksidi ya nitriki. Ajabu ni kwamba Richard Lyon alikwisha kupata hataza, mwaka 1975, ya kuiondoa oksidi hiyo hiyo kwa amonia katika moshi wenye joto la takriban nyuzi 950 za Selsiasi. Joto likipungua mno, amonia hupita bila kumenyuka. Likizidi mno, huwa yenyewe chanzo cha uchafuzi. Kuna pia oksidi ya nitrasi, ambayo kwa miaka 100 huipasha dunia joto takriban mara 270 ya uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Kiasi kidogo tu kikivuja kwenye injini ya amonia chaweza kuifuta faida ya kuacha dizeli.