Mafunzo kazini ya wanahabari nchini Burundi

Mafunzo kazini ya wanahabari ni elimu anayoendelea kuipata mwandishi, mtangazaji au mhariri tangu siku anapoajiriwa hadi anapostaafu. Nchini Burundi elimu hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa wengi wa waliojenga redio huru za nchi hiyo walijifunza kazi yao ndani ya chumba cha habari, tena vita vikiendelea.

Vita hivyo vilizuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Wakati huo redio ilikuwa silaha. Nchini Rwanda, redio ya RTLM ilichochea mauaji ya kimbari ya 1994. Na Burundi yenyewe ikawa inafikiwa na matangazo ya chuki ya Radio Rutomorangingo kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Zaire. Magazeti ya Bujumbura nayo yaligawanyika kikabila. Katika hali hiyo shirika la Search for Common Ground, lenye asili yake Marekani, lilifungua Studio Ijambo mwaka 1995. Haikuwa redio yenye masafa yake. Ilitayarisha vipindi, vikarushwa na redio nyingine.

Studio iliajiri Wahutu na Watutsi, na ikawa na desturi ya kuwatuma wawili wawili, mmoja wa kila upande. Faida ya kwanza ilikuwa usalama na kufika: pale ambapo mmoja asingepokelewa, mwenzake alipokelewa. Lakini somo lenyewe lilikuja wakirudi. Walikaa na sauti zilezile walizorekodi, wakatakiwa kutoa habari moja. Aliyetaka kuandika kwamba watu kadhaa wameuawa na waasi alikuwa na mtu pembeni wa kumuuliza: nani aliyewahesabu, na nani aliyewaona hao waasi? Jibu lilipokosekana, sentensi iliondoka. Mwanahabari aliyepitia mezani hapo kila siku kwa miaka kadhaa alipata elimu ambayo cheti hakiwezi kuipima, na ndiyo maana Studio Ijambo inastahili kuhesabiwa miongoni mwa shule muhimu za uandishi katika Afrika Mashariki, ingawa haikuanzishwa kama shule. Mchezo wake wa redio, "Umubanyi Niwe Muryango", ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuanzia 1997, ulitumia maisha ya majirani wa makabila mawili kusema yale ambayo taarifa ya habari haikuweza.

Matunda ya elimu hiyo yalionekana mapema. Alexis Sinduhije, aliyefanya kazi hapo, alianzisha Radio Publique Africaine (RPA) mwaka 2001, akawaajiri hata waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili na kuwafundisha kazi papo hapo. Mwaka 2002 Radio Isanganiro ikaanza kurusha matangazo, nayo ikitokana na watu wa Ijambo. Katika uchaguzi wa 2005, na tena 2010, vyombo vya habari vilivyokuwa vikishindana viliungana katika Synergie des médias: waandishi wao walitawanywa nchini kote, na taarifa zao zikarushwa na redio kadhaa kwa wakati mmoja. Kijana wa redio ndogo alijikuta akihaririwa na mkongwe wa redio nyingine, jambo ambalo semina haiwezi kulipanga.

Udhaifu wa mfumo huu wa kujifunza kazini uko vijijini. Katika maeneo kama Buhinyuza, iliyokuwa tarafa ya mkoa wa Muyinga kabla ya mgawanyo mpya wa mikoa wa 2025, redio ndiyo gazeti la watu. Hata hivyo mwandishi wa mikoani hufanya kazi peke yake, mbali na meza ya uhariri, na mafunzo mengi hufanyikia mijini. Mara nyingi mwalimu wake ni mhariri aliye upande wa pili wa simu, mwenye dakika chache tu kabla ya taarifa ya habari.

Tofauti na Burundi, Tanzania ilichagua njia ya cheti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zilimtaka mwandishi awe na angalau stashahada, zikatoa muda wa mpito wa miaka mitano, na watu wenye uzoefu mrefu wakalazimika kurudi darasani. Utaratibu huo humpa mwandishi msingi, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya mwenzake anayemuuliza habari kaipata wapi.

Nchini Burundi, hata elimu hiyo ya mezani ilipata pigo: mwezi Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Radio-Télé Renaissance zilishambuliwa na kufungwa. Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, nayo ilivamiwa. Wanahabari wengi walikimbilia uhamishoni, hasa Rwanda, na nchi ikapoteza wahariri pamoja na mitambo. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016, Bonesha Februari 2021. Mwezi uliofuata Rwanda ilizitaka RPA, Renaissance na Inzamba, zilizokuwa zikitangaza kutoka uhamishoni, zisitishe matangazo yao. Mitambo ilinunuliwa upya, ila kijana anayeanza kazi leo Gitega au Muyinga hupata semina ya siku chache kwa urahisi kuliko anavyompata mhariri mkongwe wa kukaa naye mezani kila asubuhi.