Namna Jua Lilivyogunduliwa Kuwa Dawa ya Mifupa

Mwaka 1919, Berlin ikiwa bado na njaa ya vita, daktari wa watoto Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wanne wenye matege makali chini ya taa ya zebaki, ile inayotoa mionzi ya urujuanimno. Baada ya wiki kadhaa, picha za eksirei zilionyesha mifupa yao ikishika chokaa upya. Kisha akajaribu kumulika mkono mmoja tu wa mtoto. Mifupa ya mkono wa pili, ambao haukuguswa na mwanga, nayo ikapona. Basi ngozi ilikuwa imetengeneza kitu, na damu ikakisambaza mwili mzima. Katika historia nzima ya ugonjwa huu, mimi sijaona jaribio dogo lililosema mengi kiasi hicho.

Matege hayakuwa mageni Ulaya. Mwingereza Francis Glisson aliyaandikia kitabu kizima mwaka 1650. Viwanda vilipokuja na moshi wa makaa ya mawe, na watoto wa maskini wakawa wanakulia kwenye vichochoro visivyopata jua, ugonjwa ukawa janga la miji. Miguu ilipinda, mbavu zikaota vinundu. Wasichana walipata madhara ambayo hayasemwi vya kutosha: nyonga zilikua zikiwa finyu, na walipofika umri wa kuzaa, wengi wao na watoto wao walifia kwenye uchungu.

Walioona mapema walikuwepo. Mwaka 1822 Jędrzej Śniadecki, tabibu wa Kipolandi, aliandika kwamba watoto wa mjini huugua matege zaidi kuliko wa vijijini, akahimiza waanikwe juani. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari mmisionari aliyerudi Uingereza kutoka Japani, alilinganisha taarifa za wenzake wa nchi mbalimbali, akatamka wazi kuwa kinachokosekana ni jua. Hakusikilizwa. Inauma kufikiria miguu mingapi ilipinda katika miaka 30 iliyofuata.

Kikwazo kimoja ni kwamba kulikuwa na jibu jingine, nalo lilikuwa sahihi pia. Mafuta ya ini la samaki yalikuwa yakitumika tangu zamani, na Edward Mellanby wa London alithibitisha nguvu yake kwa mbwa wadogo aliowafungia ndani na kuwalisha zaidi nafaka. Walipata matege, mafuta yakawakinga. Akaona tatizo ni chakula. Huko Marekani, mwaka 1922, Elmer McCollum aliyapasha moto mafuta hayo huku akipitisha hewa ndani yake hadi vitamini A ikaharibika. Hayakuponya tena macho, lakini matege yaliendelea kupona. Herufi A, B na C zilikuwa zimeshachukuliwa, hivyo kirutubisho kipya kikapewa D.

Chakula au jua? Mabishano hayo yalipata jibu Vienna, katika kliniki ya Clemens von Pirquet, ambaye mwenyewe aliamini matege ni ugonjwa wa kuambukiza. Mtafiti Harriette Chick na wenzake kutoka London waliwapa watoto wachanga mafuta au wakawatoa juani. Njia zote mbili zilifanya kazi. Muda mfupi baadaye Harry Steenbock wa Wisconsin alionyesha kuwa hata chakula kikimulikwa kinapata nguvu hiyo, na mwaka 1928 Adolf Windaus akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti uliohusu jamii hii ya vitamini.

Leo tunajua safari yenyewe: jua huianzisha vitamini D kwenye ngozi, ini huibadilisha, figo huikamilisha, nayo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango ambacho wengi wa Ulaya hawakifikii.

Ila jua halimalizi kila kitu. Mjini Jos, Nigeria, watoto wanaoota jua la kutosha walikutwa na matege. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo mno, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kwa hiyo mtoto wa kwetu mwenye miguu iliyopinda asiulizwe tu kama anatoka nje. Aulizwe pia kama nyumbani kwao kuna maziwa na dagaa.