Kitumapokezi: Mwanga Unaotoka na Mwanga Unaoingia

Kwenye uso wa swichi ya mtandao, pembeni mwa safu ya matundu ya waya wa shaba, huwa pameachwa matundu machache ya mkongo. Humo huchomekwa transiva, ambayo mafundi wetu wengi huiita SFP au moduli tu. Nyuma ina vipande vya shaba vya kugusana na swichi. Mbele kwa kawaida ina vitundu viwili: kimoja kinatoa mwanga wa leza, cha pili kinapokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme.

Jina transiva limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yaliyokatwa na kuungwa, la kutuma na la kupokea. Kiswahili nacho huunda majina ya vyombo kwa vitenzi, kama kipaza sauti na kinasa sauti, na kwa njia hiyo napendekeza kitumapokezi. Transiva ni neno fupi, linatamkika, na fundi aliyelizoea aendelee nalo. Ila kitumapokezi kinasema wazi kwamba ndani ya chombo kile mna vyombo viwili. Anayelikumbuka hilo ana nusu ya jibu la swali linaloulizwa kila mara: je, transiva mbili tofauti zinaweza kuunganisha swichi mbili?

Kitumaji cha huku husemezana na kipokezi cha kule, na cha kule na kipokezi cha huku. Kila mwelekeo upimwe peke yake: urefu wa wimbi, kasi, aina ya mkongo na nguvu ya mwanga. Kiwanda na umbo la moduli havimo katika hesabu hiyo. Chukua swichi ya zamani ya Cisco yenye moduli ya X2, pana na nzito, na swichi mpya ya kampuni nyingine yenye SFP+. Kama moduli zote mbili ni za aina ya LR, yaani gigabiti 10 kwa sekunde, mwanga wa nanometa 1310, mkongo wa singomodi hadi kilomita 10, zitaelewana vizuri. Kinachohitajika ni waya wenye kichwa cha SC upande wa X2 na kichwa cha LC upande wa SFP+.

Swichi yenyewe ndiyo inayoweza kukataa. Ndani ya kila moduli mna kumbukumbu ndogo iliyoandikwa jina la mtengenezaji, na baadhi ya swichi hulisoma na kuifunga moduli ngeni. Hapo tatizo ni sera ya kampuni, mwanga hauna kosa.

Sasa weka SR upande mmoja na LR upande wa pili: hazitaelewana. SR hutuma kwa nanometa 850 na imekusudiwa mkongo wa maltimodi wenye kiini cha maikrometa 50. Kiini cha singomodi ni kama maikrometa 9. Kipokezi cha SR kwa kawaida hutengenezwa kwa galiamu na aseniki, mchanganyiko ambao hauoni mwanga wa 1310. Kipokezi cha LR, kwa upande wake, huweza kuhisi kidogo mwanga wa 850. Ndiyo maana wakati mwingine upande mmoja huonyesha kuna mwanga na upande wa pili uko kimya, fundi akahangaika bure kutafuta waya uliokatika.

BiDi inakwenda kinyume kabisa. Hutumia uzi mmoja wa mkongo badala ya miwili, kwa hiyo, kwa mfano, moja hutuma 1310 na kupokea 1490, na mwenzake hutuma 1490 na kupokea 1310. Ukinunua mbili zinazofanana hazitaunganika kamwe. Tofauti hapa ni sharti.

Kasi nayo haina msamaha: LX ya gigabiti 1 na LR ya gigabiti 10 zote hutumia 1310 juu ya singomodi, lakini haziunganiki.

Nguvu ndiyo inayosahaulika zaidi. ER, ya kilomita 40, inaruhusiwa kutuma hadi dBm 4, ilhali kipokezi chake kinastahimili dBm −1 tu. Ukiunganisha ER mbili ndani ya chumba kimoja kwa waya mfupi, kipokezi kinazidiwa na kinaweza kuharibika, hivyo weka kipunguza mwanga cha desibeli 5 au zaidi. LR haina shida hiyo, maana kiwango chake cha juu cha kutuma na cha kupokea ni kilekile, dBm 0.5.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma vipimo ambavyo moduli nyingi hujipimia zenyewe. Kwenye swichi za Cisco amri ni show interfaces transceiver. Ukikuta pande zote mbili zinatuma dBm −2 na zinapokea −40, vitumaji ni vizima lakini hakuna mwanga unaofika kwenye kipokezi chochote; huenda kitumaji kimeelekezwa kwa kitumaji. Chomoa kichwa cha LC upande mmoja tu, badilisha nafasi za nyuzi zake mbili, kisha soma tena. Usichungulie ndani ya kitundu: mwanga wa 1310 hauonekani kwa jicho, na leza ni leza.