Santuri Zisizo na Majina

Mteja aliyeingia katika duka la Importes Etc. mjini Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980 aghalabu hakuwa na jina la wimbo wala la mwimbaji. Alikuwa na kumbukumbu tu ya alichokisikia usiku katika klabu ya Warehouse, ambako Frankie Knuckles alianza kupiga santuri mwaka 1977. Wengi wa waliofika humo walikuwa vijana Weusi na Walatino, na wengi wao wapenzi wa jinsia moja, ambao klabu nyingine hazikuwataka. Kwa masimulizi yanayokubalika zaidi, wauzaji walianza kubandika vikaratasi kwenye santuri zilizopigwa Warehouse. Neno likafupishwa, na muziki wa hausi ukapata jina. Jina hilo, basi, halikutungwa na mhakiki yeyote. Lilizaliwa na watu waliotafuta kwa masikio.

Si kila mtu mjini humo aliupenda mdundo huo. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti mbele ya umati wa mashabiki wa besiboli. Vince Lawrence, kijana Mweusi aliyekuwa akiwaonyesha watazamaji viti vyao, aliona kuwa nyingi zilizoletwa kuharibiwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za wanamuziki Weusi. Miaka mitano baadaye alishirikiana na Jesse Saunders katika "On and On", ambayo wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya hausi.

Aliyeupa muziki huo kina ni Larry Heard, mpiga ngoma aliyegeukia vinanda vya umeme. "Can You Feel It" yake ilitolewa mwaka 1986 na Trax Records, kampuni iliyojulikana kwa kuyeyusha santuri kuukuu ili kuchapa mpya. Si ajabu kwamba nakala ambayo haijaguswa na sindano nayo ilikwaruza.

Detroit, kutojulikana kulikuwa msimamo. Mike Banks na Jeff Mills, walioanzisha Underground Resistance mwaka 1989, waliificha sura zao ili tekno yao isikilizwe kabla ya kutazamwa. Ron Murphy, fundi aliyechonga santuri nyingi za mji huo, aliacha maneno machache karibu na karatasi ya katikati, mahali ambapo sindano haina tena cha kusoma. Mnunuzi wa Berlin, katika duka la Hard Wax lililofunguliwa mwaka huohuo wa 1989, ilimbidi aiinamishe santuri kwenye mwanga ndipo ayaone.

Waliojificha zaidi walikuwa Drexciya, walioanza kutoa santuri mwaka 1992. Kwa miaka mingi majalada yao hayakutaja majina ya watu. Badala yake yalidokeza habari za taifa lililo chini ya maji, na mwaka 1997, katika mkusanyiko wa The Quest, kisa kikaelezwa: wanawake wajawazito wa Kiafrika walitupwa baharini kutoka katika meli za watumwa, na watoto wao wakazaliwa wakipumua majini. Ni kisa cha Atlantiki, lakini msomaji wa mwambao, ambao nao uliyaona majahazi ya watumwa, hatakiona kigeni. James Stinson, mmoja wa wawili waliounda kundi hilo pamoja na Gerald Donald, alifariki mwaka 2002.

Kuficha jina kwa hiari ni jambo moja. Kunyimwa haki ya kazi yako ni jambo jingine. Mwaka 2020 Larry Heard na mwimbaji Robert Owens waliishtaki Trax wakidai malipo ya nyimbo zao. Pande hizo zilipatana mwaka 2022, na haki za nyimbo hizo, "Can You Feel It" ikiwemo, zikarudi kwa waliozitunga.