Redio koli, antena na ripita: kinachofikisha sauti sio wati

Leo tuongelee redio koli. Hapa Geita zipo kila kona: mlinzi getini, dereva wa dampa, msimamizi wa duara kule Nyarugusu, jamaa wa boti ziwani. Na ukimuuliza mtu kwa nini yake haifiki mbali, jibu ni lile lile: "haina nguvu, natafuta yenye wati nyingi". Hapo ndo watu wanapopigwa hela. Kinachofikisha sauti ni antena ilipokaa, waya unaopanda kwenda kwenye hiyo antena, na ethi inayolinda mzigo wote radi ikishuka. Wati zinakuja nyuma kabisa.

KWANZA UMBALI

Redio nyingi za mkononi zinatumia VHF (136 hadi 174 MHz) au UHF (400 hadi 470 MHz). Mawimbi haya yanaenda karibu mstari ulionyooka. Mlima ukikaa katikati, kwisha habari. Na hata pakiwa tambarare tupu, dunia yenyewe ni mviringo, kwa hiyo kuna mahali upeo unaishia.

Kuna hesabu moja ambayo hata kama Fomu Four ulikimbia fizikia utaiweza. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Mtu amesimama na redio mkononi, antena ipo mita 1.5 hivi kutoka chini, anapata kama kilomita 5. Mwenzake naye 5, jumla 10, lakini hiyo ni kwenye eneo wazi kama ziwa. Ingiza nyumba, miti na vichuguu, wanaishia kilomita 2 au 3.

Sasa weka antena kwenye mlingoti wa mita 30: hesabu inatoa kama 22 na nusu, jumlisha 5 za mwenye redio ya mkononi, unaongelea kilomita 27. Huo mlingoti upandishe kwenye kilima kilichozidi bonde kwa mita 150 na upeo unafika kilomita 55 kabla hujajumlisha za mwenzako. Hujaongeza hata wati moja! Ukitoka wati 5 kwenda 10, sikio la mwenzako litaona tofauti ndogo sana, na kama kuna kilima katikati halitaona kitu.

RIPITA NI NINI HASA

Ripita ni redio mbili ndani ya boksi moja. Moja inasikiliza kwenye masafa A, nyingine inarusha kile kile kwenye masafa B, muda huo huo. We wa bondeni unarusha wati 5 zako kwa A, ripita iliyo juu ya kilima inakusikia, inazirudisha kwa B kwa wati 25 au zaidi, na jamaa wa upande wa pili wa kilima anakupata. Ndo maana redio ya ripita inapangwa masafa mawili, la kutuma na la kupokea. Kuna na toni, mlio mdogo wa chini (kati ya Hz 67 na 254) unaotumwa pamoja na sauti. Redio nyingi zinauchuja usiusikie. Ripita haifunguki bila toni yake. Mtu akilalamika "nasikia wote ila mimi sisikiki", angalia toni kabla hujafungua kitu kingine.

Kusikiliza na kupiga kelele kwa wakati mmoja kwenye antena moja sio mchezo. Ni kama kumsikia mtu ananong'ona huku we mwenyewe unapiga mayowe. Kazi ya kutenganisha inafanywa na dupleksa, yale makopo ya chuma yaliyounganishwa kwa nyaya fupi. Yanapangwa kwa vipimo maalum kwa masafa yako tu. Zile skrubu zake usiziguse kwa bisibisi kisa umeona imelegea! Dalili ya dupleksa iliyoharibika ni hii: mtu wa mbali anaingia vizuri nusu sekunde, ripita ikianza kurusha anakatika, inafunguka tena, anakatika tena. Wa karibu wanasikika poa tu, kwa hiyo fundi anayejaribu akiwa chini ya mlingoti anasema "mbona nzima".

WAYA UNAKULA

Hapa ndo pesa nyingi zinapotea bila mtu kujua. Kwenye 150 MHz, mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58 zinameza kama desibeli 6. Kwa Kiswahili cha mtaani: umeingiza wati 25, zinazofika kwenye antena ni kama 6. Zilizobaki zimepasha waya joto. RG-213, ile nene kidogo, inafikisha kama 13. Kebo ngumu ya nusu inchi yenye ganda la shaba inafikisha kama 20. Kwenye UHF upotevu ni mkubwa zaidi. Na kumbuka waya unakula pande zote mbili, ile sauti dhaifu ya mtu wa mbali nayo inaliwa ikishuka. Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, nunua redio ya kawaida na kebo nzuri. Usifanye kinyume.

Kipimo cha SWR kila fundi anacho siku hizi. Ukisoma 1.5, nguvu inayorudi ni asilimia 4, hiyo poa. 2 ni asilimia 11. 3 ni asilimia 25, zima kwanza. Ila kuna mtego: kebo ndefu na mbovu inafanya kipimo kionekane kizuri, kwa sababu nguvu iliyotakiwa kurudi imefia njiani. Ukiwa na wasiwasi, kapime juu, kwenye antena yenyewe.

Antena nayo ina ujanja wake. Zile ndefu za faibaglasi zenye "geini" kubwa haziongezi nguvu toka hewani. Zinaiminya iende mlalo badala ya kutawanyika juu na chini. Ukiiweka juu ya kilima, nguvu inapita juu ya vichwa vya watu wa bondeni chini yake, halafu unashangaa wa kilomita 20 anasikia na wa kilomita moja analalamika. Kwa machimbo yaliyo chini ya kilima, antena fupi ya geini ndogo inaweza kuwa bora. Na isimame wima, kwa sababu redio za mkononi zinashikwa wima.

RADI

Kanda ya Ziwa radi sio hadithi. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule moja ya msingi hapa Geita, na mjadala uliofuata mtaani nadhani mnaukumbuka, nani kaituma na kwa nini. Mimi naongelea upande wa fundi. Mlingoti wa chuma juu ya kilima ni mahali pa kwanza radi kushukia, na kebo ya antena ni barabara ya kuileta hadi mezani kwa anayeshika redio.

Kinachotakiwa ni njia nene, fupi, isiyo na kona kali, kutoka mlingotini hadi ardhini. Ethi rodi moja kwenye udongo mkavu wa mawe haitoshi. Piga kadhaa, zipishane angalau urefu wa rodi moja, zifunge pamoja, kisha pima; lenga chini ya omu 10, ukipata 5 bora zaidi. Mafundi wengi humwaga chumvi na mkaa. Chumvi inashusha kipimo leo, mvua inaiosha, na shaba inaliwa. Kebo inapoingia ndani, weka kinga ya radi pale pale ukutani. Halafu kubwa kuliko yote: ethi ya mlingoti, ya kinga, ya ripita na ya umeme wa TANESCO ziungwe ziwe moja. Zikiwa mbalimbali, radi ikishuka upande mmoja itatafuta upande wa pili kupitia ndani ya ripita yako, au kupitia mkono wa mtu.

Na nyaya za ethi zinaibwa, jamani. Shaba ni hela. Kila ukienda site anza kuangalia kama bado zipo.

UMEME NA UTUNZAJI

Ripita ya wati 25 inavuta kama ampea 8 ikirusha na nusu ampea ikiwa kimya. Ikirusha moja ya tano ya siku, wastani ni ampea 2, yaani ampea-saa 48 kwa siku. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo kukaa siku mbili za mawingu unahitaji 200. Paneli ya wati 200 inatosha kwa jua la kwetu. Ukiona ripita inakufa kila saa kumi alfajiri, usiende kwenye redio, nenda kwenye betri.

Adui mwingine ni maji. Kila konekta ya nje ifungwe tepu ya raba inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya kawaida ya kuzuia jua, na kebo kabla ya kuingia ndani ishuke kidogo kama tumbo ili maji yadondoke hapo. Nyigu na sisimizi wanapenda joto la boksi, ziba matundu kwa wavu. Kaza nyaya za kuvutia mlingoti kila baada ya mvua kubwa. Anayepanda avae mkanda, ripita izimwe, na wingu likianza kuunguruma hata kwa mbali ashuke. Hakuna "namalizia kidogo".

Masafa sio ya bure: yanaombwa TCRA, wana ofisi ya kanda Mwanza, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakubana ukitumia bila leseni. Hizi redio za bei chee za Kichina zinafunguka masafa yoyote, lakini 156.8 MHz, kwa mfano, ni chaneli ya dharura ya vyombo vya majini. Mtu anazama we unapiga stori za mechi.

CHINI YA ARDHI

Redio haipenyi mwamba. Ndani ya duara utasikika hadi kona ya kwanza, basi, hata ripita iwe mlimani juu yako. Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano walitolewa hai baada ya siku 41. Januari 2017 Nyarugusu, watu 15 walikaa chini siku kadhaa kabla ya kuokolewa wote. Migodi mikubwa inatandaza kebo maalum yenye matundu madogo, mawimbi yanavuja njia nzima ya handaki, na kila mita mia kadhaa kuna kikuza nguvu. Kwa mchimbaji mdogo hiyo ni gharama. Simu ya waya ya kawaida, waya umepitishwa pembeni ya matimba sio chini ya miguu, inafanya kazi pale redio inaposhindwa.

La mwisho ni fataki. Zile za umeme zina nyaya mbili, na nyaya ndefu ni antena. Redio ikirushwa karibu inaweza kuziwasha kabla ya wakati. Za utambi hazina shida hiyo. Umbali salama upo kwenye jedwali la mtengenezaji, na mlipuaji ndo anaamua, sio mwenye redio. Wakati wa kufunga nyaya, redio na simu zizimwe kabisa. Kunyamaza tu hakutoshi, maana simu na redio nyingi za dijitali hurusha zenyewe bila kubonyezwa.