Banjo na Wapigaji Wake katika Mpaka wa Tororo na Busia

Wengi hudhani kuwa banjo ni ala ya Kizungu kwa kuwa babu zetu waliipokea kutoka kwa Wazungu. Lakini asili yake ni bara letu hili, kwani waliovuka nayo bahari, wakiihifadhi vichwani mwao hali mikono imefungwa minyororo, ni watumwa waliotekwa Afrika ya Magharibi, ambako Wajola wa Senegambia wangali wakipiga akonting, ala ya kibuyu kilichowambwa ngozi. Tabibu Hans Sloane, aliyefika Jamaica mwaka 1687, aliziona ala za jinsi hiyo kwa watumwa na kuzieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1707. Na ilipotimia miaka ya 1840, fundi William Boucher wa Baltimore alikuwa akiziunda kwa biashara. Mtu wa pwani aliyezoea gambusi, ambalo nalo limewambwa ngozi, hataiona banjo kuwa mgeni kabisa.

Huku kwetu ala za nyuzi za kigeni zilikuja kwa njia ya reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na kisha, kwa kupitia Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Zikaja kwa santuri. Na zikaja pamoja na askari waliorudi kutoka Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyeishi tangu 1924 hata 2000, ni mmoja wa waliotumikia jeshi hilo kwa muziki, na nyimbo zake za Kiswahili zikaenea bara na pwani.

Merikit, katika wilaya ya Tororo, ni nchi ya Wateso, ambao waligawanyika baina ya serikali mbili pale Waingereza walipoihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda mwaka 1902 na kuitia katika himaya ya jirani, ambayo leo ni Kenya. Mpaka haukuzuia nyimbo. Mtoto aliyekulia penye akogo, marimba ya vidole, na penye adeudeu, kinubi cha wazee wake, alikuwa amekwisha kupata sikio kabla hajaiona banjo. Kwa hiyo alipokosa fedha ya kuinunua, alichonga mti, akawamba ngozi, akafunga nyaya za breki za baiskeli, akaanza kutafuta sauti usiku kwa usiku mpaka vidole vikatii.

Aliyejifundisha hivyo hakupata cheti, ila alipata umri mzima wa kazi: arusi, matanga, na vikao vya ajon, pombe ya ulezi inyonywayo kwa mirija mirefu katika chungu kimoja, ambako mpigaji hutaja majina ya waliohudhuria, huwasifu wakarimu na kuwaonya wabadhirifu, naye hulipwa kwa sarafu chache na heshima nyingi. Elimu yake ni elimu kamili, na anayeidharau kwa kukosa karatasi anadharau chuo kisicho na kuta.

Klaus Wachsmann, aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda tangu 1948 hata 1957, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Kiafrika, walihifadhi sauti nyingi za zama zile. Wao walikuwa wageni. Sisi ni wenyeji. Basi kila kijana wa Tororo na Busia mwenye simu mkononi na amwendee mpigaji mzee wa kijiji chake, amwombe ruhusa, amrekodi, aandike jina lake na maana ya nyimbo zake, na amlipe haki yake angali hai.